Mpunga wa Kuwekesha

Mchele ulikuwa mzuri. Hilo hata Natalia mwenyewe, ambaye siku ile alitamani kumng'ata mtu, hakuweza kulikataa. Ulikuwa umetandazwa juu ya turubai uani kwake, punje ndefu, nyeupe, hakuna chenga, hakuna pumba, na ukiinama kidogo tu harufu yake inakupanda puani mpaka unameza mate. Evaline, mke wa mwanawe Onesphory, alikuwa ameupepeta tangu asubuhi. Alisimama pembeni na ungo wake akisubiri kusifiwa.

"Shikamoo mama. Pole na safari. Mtoto hajambo?"

"Marahaba. Mtoto hajambo, mama yake hajambo, kazi yao kulala tu."

Natalia alikuwa anatoka Katesh, alikokwenda kumsaidia binti yake Irene aliyejifungua. Akatua mkoba. Akachota mchele kiganjani, akaunusa, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Halafu jicho lake likapita mlangoni, likaingia sebuleni, likakutana na gunia limesimama wima kwenye kona, limefungwa kamba yake nyekundu, wala halijaguswa. Tabasamu likakatika.

"Evaline. Huu mchele umetoka gunia gani?"

"La juu, mama. Si ulinipigia simu? Ulisema mteja wa Mbulu mjini anakuja, mpunga wa juu upeleke mashine ukakobolewe, wa chini uache."

Natalia alipita jikoni, akaparamia ngazi ya kwenda darini, kule juu ya mafiga ambako moshi unafukuza wadudu, na umri wake wote akausahau. Akapapasa huku. Akapapasa kule. Mkono ukarudi na masizi.

"Umeniua," alisema akiwa bado ngazini. Akashuka, na alipokanyaga chini sauti ilikuwa imeshapata nguvu. "Umeniua, Evaline! Ile ilikuwa mbegu! Umeikoboa mbegu! Sasa mimi nikapande nini? Nikapande wali?"

Binti wa watu akashika kichwa. Lakini hakulia. Evaline hakuwa wa kulia ovyo. Alikuwa amekua akichunga ng'ombe kwenye nyika za Basotu, na aliyewahi kumkimbiza fisi kwa fimbo hatishwi haraka na mama mkwe. Akanyoosha kidole kuelekea darini.

"Mama, ulisema wa juu. Na ule ulikuwa juu."

"Juu ni jaruba la juu! Mpunga wa jaruba la juu! Nambis nzima inajua!"

"Mimi kwetu hakuna jaruba la juu. Kwetu ni tambarare mpaka macho yachoke. Ukisema juu, mtu anainua kichwa."

Natalia akarudi nyuma hatua moja. Maana ni kweli. Watu wa Nambis wamezaliwa kwenye mteremko, na kila kitu chao kina juu yake na chini yake. Kuna shamba la juu na shamba la chini, njia ya juu na njia ya chini, kina Sulle wa juu na kina Sulle wa chini. Hata watu wawili wakikaa benchi moja kanisani, mmoja atamwambia mwenzake "sogea chini kidogo", na mwenzake atasogea upande wa bondeni bila kuuliza. Mpunga wa kukobolewa, ule wa sebuleni, ulitoka jaruba la juu. Mbegu iliyokuwa darini aliichagua suke kwa suke kwenye jaruba la chini. Kwa hiyo alipoagiza kwa simu kwamba wa juu upelekwe na wa chini uachwe, alijisikia ameeleza vizuri mno, tena akakata simu upesi asimalize salio.

Akakaa kwenye kigoda. Hasira ilikuwa bado ipo tele, ila sasa haikujua imwangukie nani.

Mpunga wenyewe uliitwa Pigahodi. Hakuna ofisi iliyoupa jina hilo. Walioupa ni wapita njia, maana ukiwa jikoni mtu anayepita barabarani anaisahau safari yake, anakata kona, anapiga hodi, na akiulizwa shida anasema amekuja kusalimia tu. Natalia aliupata kwa mama mkwe wake, na mama mkwe aliupata kwa mama mkwe wake naye. Ni mpunga mrefu unaomfika mtu kifuani, wenye ndevu nyekundu, hautaki mbolea ya dukani wala dawa. Unataka samadi, maji na uvumilivu. Hasa uvumilivu, kwa sababu mbegu za siku hizi zinavunwa na watu wanaanza kusahau, Pigahodi ndio kwanza anachanua.

Na hapo ndipo palipokuwa na kesi. Bonde lile dogo lilikuwa na mfereji mmoja, na mwenyekiti wa mfereji alikuwa Yoakimu, mdogo wa marehemu Sulle, mumewe Natalia. Wakulima karibu wote walishahamia mbegu ya muda mfupi. Mpunga wao ukishakomaa walitaka mfereji ufungwe, maji yashuke kwenye vitunguu. Lakini kila mwaka banio, lango la maji, lilibaki wazi kwa ajili ya majaruba ya Natalia peke yake, na kila mwaka watu walinung'unika, na kila mwaka Natalia alisimama mkutanoni akawanyamazisha. Safari hii Yoakimu alikuwa ameshatangaza: Jumapili baada ya ibada, kila mtu aje aseme anasia mbegu gani kitaluni, na maji yatapangwa hivyohivyo, bila ubishi. Natalia asipokuwa na mbegu siku ya Jumapili, mfereji utafungwa mapema. Na ukishafungwa mwaka mmoja, nani atakuja kuufungua tena kwa ajili ya mpunga ambao haupo? Pigahodi angeishia pale pale kwenye turubai, akaliwa, basi.

Habari za mashine hazilali njiani. Kesho yake asubuhi Yoakimu akawasili, kofia mkononi, sura ya msiba, na mfuko wa mbegu kwapani.

"Shikamoo shemeji. Tumesikia. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini? Nani amekufa?"

"Mbegu, shemeji." Yoakimu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kuongoza sala, na upole wake ndio uliokuwa unamchoma Natalia kuliko matusi. "Nimekuletea hii ya kwetu, ya muda mfupi. Ni bure kabisa. Uanze nayo tu, usikae shamba tupu."

"Iweke hapo, kuku hawajala."

"Shemeji, tusifanye utani. Maji ya kijiji kizima hayawezi kumngoja mtu mmoja. Na sasa hata huyo mtu mmoja hana cha kupanda."

"Yoakimu, nisikilize vizuri. Jumapili nakuja kwenye mkutano wako na Pigahodi mkononi. Kalale usingizi."

Alisema kwa kujiamini hasa, kidevu juu, na Yoakimu akaondoka akitikisa kichwa. Alipopotea kwenye kona, Natalia akamgeukia Evaline akiwa na uso uleule wa ushindi, akasema kwa sauti ya chini, "Sasa tunaitoa wapi?"

Wakaanza kutafuta kwa mdomo. Labda kwa mteja wa Dongobesh? Hapana, yule alinunua mchele. Mwalimu mstaafu? Mchele. Masista? Mchele, tena mwaka hadi mwaka. Kila jina alilolitaja Natalia liliishia palepale, na sababu aliijua vizuri kwa kuwa aliitunga mwenyewe. Katika maisha yake yote hakuwahi kumuuzia mtu mpunga wa Pigahodi. Aliuza mchele tu. Watu walimwomba, walimbembeleza, mama mmoja alipiga magoti kabisa, yeye akawaambia mashine ipo, mchele upo, karibu. Punje ikishavuliwa ganda haioti. Anayetaka Pigahodi arudi kwa Natalia. Alijiona mjanja kuliko bonde zima. Na sasa ujanja ule ulikuwa umemfungia nje ya nyumba yake mwenyewe, lo!

"Hakuna mwenye mbegu," alisema polepole. "Dunia nzima, hakuna."

Evaline alikuwa akimwangalia kwa mshangao wa kweli.

"Lakini mama, kwani mtamba wako si yuko Basotu?"

"Mtamba gani? Mimi nina ng'ombe Basotu?"

"Ule mpunga. Ule uliomtumia baba wakati wa harusi yetu. Baba ameulea. Umeshazaa. Sisi tunashangaa tu huji kumwangalia."

Natalia akahisi uso unamwaka moto. Mpunga wa harusi aliukumbuka, na asingependa kuukumbuka. Onesphory alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, na aliposema ameona mchumba kwa wafugaji wa Basotu, mama yake alinuna kama mbingu ya masika. Alitaka binti wa kilimani, anayejua jembe. Siku za kupeleka vitu kwa wakwe, ndugu walibeba unga, sukari, mafuta, mablanketi. Yeye akachota debe la Pigahodi na maganda yake, halijakobolewa. Akamwambia wifi yake, "Wapelekee. Watwange wenyewe hao wanywa maziwa." Yalikuwa matusi, na alikusudia yawe matusi. Ndiyo mara pekee mpunga ule ulipotoka nyumbani ukiwa hai.

"Walisemaje?" aliuliza. "Walipoupokea?"

"Baba alifurahi sana," Evaline alisema.

Kwa aibu ile Natalia angeweza kukaa nyumbani. Lakini Jumapili ilikuwa inakuja, na Natalia hakuwa mtu wa kushindwa kwa ajili ya uso kuwaka. Alfajiri walipanda basi hadi Haydom, na kutoka Haydom wakachukua pikipiki mbili, vumbi likiwaramba, magunia matupu yakiwa yamekunjwa mapajani mwa Natalia. Kichwani alishapanga kila kitu. Atasalimia, atashukuru, atakunywa maziwa kidogo, atabeba mbegu yote mpaka punje ya mwisho, atarudi nayo darini kwake. Pigahodi ni mali ya Nambis, arudi Nambis.

Ziwa la Basotu likatokea ghafla, limetulia katikati ya nyasi, ng'ombe wamejaa ukingoni. Mzee Gidabuday, baba yake Evaline, alikuwa amesimama kwenye lango la boma lake, shuka begani, fimbo mkononi, mrefu kama mwanawe.

"Shikamoo mzee," Natalia alisema.

"Marahaba. Umechelewa, mzazi mwenzangu," alijibu bila kuzunguka. "Mtu akikuwekesha mnyama, umlelee kwako, halafu haji kumwangalia, unaanza kujiuliza kama ulimkosea."

Walikaribishwa ndani, wakaletewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na mama yake Evaline akamkumbatia mwanawe huku akicheka na kumfinya mashavu. Kisha mzee akawaongoza hadi nyuma ya nyumba, kwenye kibanda kilichoezekwa vizuri kuliko nyumba zenyewe, akasogeza mlango.

Magunia yalikuwa yamepangwa juu ya magogo, mbali na unyevu. Natalia akapiga goti, akafungua moja. Ndevu nyekundu. Akasugua punje chache kati ya viganja, akapuliza maganda, akatia mdomoni, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Ni yeye," alisema. "Mungu wangu, ni yeye kabisa."

"Ni yeye, nani mwingine?" Gidabuday alicheka. "Mke wangu alimpanda pale tope la ng'ombe linapoishia, karibu na maji. Samadi pale haihitaji kubebwa, wanaileta wenyewe. Tatizo lilikuwa ndege. Wanawake na watoto wa boma zima walishinda pale wanapiga makopo. Majirani walituona tumechanganyikiwa."

"Na ladha yake? Mliupendaje?"

Mzee akamwangalia kama ameulizwa swali la kitoto.

"Tutauonjaje? Mtamba wa mtu haliwi. Mlezi anakunywa maziwa, na huyu hana maziwa. Tumekuwa tunakungoja wewe."

Natalia alibaki amepiga goti. Watu wale walilima, wakapalilia, wakafukuza ndege jua hadi jua, wakavuna, wakajenga kibanda, na hawakutia hata kijiko mdomoni. Kwa ajili ya debe alilolituma kwa kejeli. Machozi yalimlenga na hakuyaficha.

"Mzee," alianza, "ule mpunga, nilivyoutuma..."

"Mke wangu alisema umetutukana," Gidabuday alisema kwa utulivu. "Siku ileile. Alisema, huyu mama anatuambia tutwange wenyewe. Nikamwambia, inawezekana. Lakini angalia, wengine wote wametuletea vitu vya kula, vikiliwa vimekwisha. Huyu peke yake ameleta kitu kilicho hai. Kama ni matusi, basi na atutukane tena." Akacheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi, na mke wake kule nyuma akacheka pia, akijifunika mdomo kwa kitenge. "Ng'ombe akishaingia bomani, mzazi mwenzangu, sisi hatumuulizi ameletwa kwa moyo gani. Tunamtafutia majani."

Natalia alicheka nao. Alicheka huku analia, pua inatiririka, wala hakujali nani anaona. Kisha akasimama, akajifuta kwa ncha ya khanga, akadai kinu.

Mchana ule alitwanga, akapepeta, akapika mwenyewe kwenye sufuria ya watu, kwa maziwa badala ya nazi na chumvi kidogo tu. Mvuke wa kwanza ulipoinua mfuniko, mazungumzo yakakatika. Wa pili ulipoondoka na upepo, jirani wa kwanza akatokea langoni. Akasema amekuja kumuulizia ndama wake. Wa pili hakusema chochote, alikaa tu. Gidabuday alikula tonge la kwanza, akafumba macho, akamwambia mke wake kitu kwa lugha yao. Evaline akatafsiri akicheka: "Anasema, kumbe tulikuwa tunalala na hiki kitu nyumba moja!"

Walipomaliza kula, yakaja mambo ya kugawana, na mzee akayaeleza wazi. Kwao mnyama wa kuwekesha ni wa mwenyewe na watoto wake wote. Mwenyewe akitaka kuswaga kundi lote, aswage, hakuna ugomvi. Ila akiwa muungwana humwachia mlezi ndama mmoja. Na kwa nini watu wanawekeshana? Ni kwa sababu ugonjwa ukiingia boma moja, ukamaliza ng'ombe wote, mwenye boma anachukua fimbo yake na kutembea kwa marafiki, na jioni anarudi na kundi. "Mtu mwenye ng'ombe wote zizini kwake," alisema, "sisi hatumwiti tajiri. Tunamwonea huruma."

Natalia aliyatazama magunia yake matupu, yale aliyoyakunja vizuri ya kubebea kila punje. Kwa mara ya kwanza tangu alipoparamia ngazi ile, hasira yake ikapata mtu wa kumwangukia, na mtu huyo alikuwa mwenye dari, yeye mwenyewe. Ikamwangukia, ikaisha.

Akaacha gunia zima pale Basotu, liendelee kulelewa. Akaacha na jingine dogo, akasema hili ni ndama wa mlezi, mfanye mnavyotaka, muuze, mle, mwalike majirani. Gidabuday akalichukua lile dogo, akalifungua, akachota kiasi akamfungia Evaline kwenye kitambaa. "Wa kwako," alimwambia. "Uwe na mnyama wako mwenyewe kule kilimani."

Jumapili watu walikuwa wamekaa kwenye mawe karibu na banio, maji yakipita kwa kelele zake, wengi bado na nguo za kanisani. Yoakimu alishaanza. Alikuwa anaita majina na kila mtu anajibu "muda mfupi", "muda mfupi", kama wanaitikia sala. Pikipiki ikasikika ikipanda kwa tabu. Natalia akashuka, nyuma yake Evaline, na katikati yao magunia.

"Shemeji, tulikuwa tunakungoja," Yoakimu alisema. Macho yake yalikuwa kwenye magunia. "Hiyo ni nini?"

"Pigahodi. Nilikwambia ukalale usingizi, ulilala?"

Kicheko kikapita kwenye mawe. Yoakimu naye akatabasamu, lakini alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti lazima aseme neno lake. "Nimefurahi, kweli nimefurahi. Lakini shida ni ileile. Maji ya watu wote hayawezi kumngoja mtu mmoja."

"Uko sahihi."

Yoakimu alikuwa amejiandaa kwa vita, na neno hilo likamwacha mikono mitupu. "Niko sahihi?"

"Uko sahihi kabisa. Mtu mmoja ni wa kufungiwa maji. Ndiyo maana leo nataka tuwe wengi." Natalia akafungua gunia la kwanza, akalikunja mdomo chini ili kila mtu auone mpunga. Watu wakasimama. Wengine hawakuwahi kuuona Pigahodi ukiwa na ganda lake nje ya shamba la Natalia.

"Unauza?" mtu akauliza.

"Siuzi."

"Unagawa bure?"

"Sigawi! Nani kasema nagawa? Nawekesha." Akawaeleza, kwa maneno yake na kwa mikono yake yote miwili. Kila mtu achukue akalee. Ukizaa, mlezi ale, auze mchele, ashibe. Lakini arudishe mbegu kama aliyopewa, na akiombwa na jirani asimnyime. Na mwaka ambao mbegu itapotea kwenye nyumba moja, mwenye nyumba atachukua ungo wake na kutembea. "Na mimi nitakuja kuwaangalia wanyama wangu," alisema. "Nikikuta mmoja amekonda, utanijua mimi ni nani."

Hapo hapakuwa tena na mkutano. Walikuja na kofia, na mitandio, na mifuko ya biblia. Mama yule aliyewahi kupiga magoti alikuja wa kwanza, na Natalia akampimia vizuri zaidi kuliko wote bila kumtazama usoni. Alipima kwa bakuli, anafoka, anatania, anamwambia huyu jaruba lako lina magugu, yule usinywee pombe mbegu yangu. Hajawahi kuwa na raha namna ile maishani. Yoakimu alibaki amesimama na karatasi yake ya majina mpaka akaona hakuna aliyebaki kuitwa. Akaikunja. Akavua kofia, akaja.

"Shemeji, na mimi basi. Kidogo."

"Kidogo cha nini? Shika vizuri hiyo kofia!" Akamjazia hadi ukingoni. "Na mfereji?"

Yoakimu akageuka kuwaangalia watu wake, kila mmoja amekumbatia furushi. "Mfereji hauwezi kufungwa," alisema. "Nani sasa atakubali ufungwe?" Na watu wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe ng'ambo wakainua vichwa.

Walipoanza kutawanyika, mama Efrazia akawasili kwa fimbo, ajuza wa nyumba ya mwisho kabisa kule bondeni, amechelewa kwa ajili ya goti lake. Akauliza kama kimebaki chochote. Natalia akatia bakuli gunia la mwisho. Likakwaruza. Akalikung'uta, akalipindua, akamimina vyote kwenye mtandio wa ajuza, akamwambia aende salama.

Ndipo akatazama gunia alilolishika. Akatazama na lile lingine. Vumbi na ndevu nyekundu chache. Amewawekesha bonde zima, kwa furaha ile, kwa kelele zile, na hakujiwekea hata konzi moja ya kitalu chake. Angeweza kumwita mtu yeyote kati ya wale wanaoteremka na furushi, ni kweli. Lakini mdomo wake, ambao haukuwahi kumuishia maneno, haukujua neno la kuanzia.

Evaline alikuwa amesimama karibu naye. Akafungua kitambaa alichopewa na baba yake, akaugawa mpunga wake katikati kwa ukingo wa kiganja, nusu huku, nusu kule.

"Kinga mikono, mama," alisema. "Nakuwekesha."

Natalia akakinga.